Kwa Maneno Yako Mwenyewe

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja na nusu,
napanda ngazi nyuma ya duka la rangi, Kondele,
tai ya kazini imeviringishwa mfukoni.
Fasihi ya Kiingereza, darasa la utangulizi:
ushairi, kisha tamthilia. Tuko kumi na tisa,
nakala saba za kitabu, na feni
inayozunguka siku inapojisikia.

Mwalimu Andaje hugonga meza kwa kifundo cha kidole,
dhaifu, zito, dhaifu, zito,
mara tano kila mstari, kama mtu anayebisha
nyumba anayojua haina watu.
Okumba, fundi wa friji, anahesabu mizani,
anapata kumi, anafurahi.
Si kuhesabu, asema mwalimu, ni kusikia.
Kiingereza hukanyaga silabi moja, huruka nyingine.
Okumba ananinong'oneza: kwetu kila silabi hupewa kiti.

Wiki ya tatu tulifika kwenye sitiari.
"Mshairi anasema kitu hiki ndicho kile," akasema Andaje,
"wala haombi radhi."
Hapo nikaacha kuandika.

Maana mimi ni mkalimani wa mahakama, mwaka wa kumi na moja.
Napokea Kijaluo, natoa Kiingereza
kilichochambuliwa miiba.
Min Ogalo, kesi ya shamba, kutoka Nyakach,
aliulizwa ana ushahidi gani wa mpaka.
Akampa hakimu kisogo, taratibu,
akajishika kiunoni: Mpaka ni huu mgongo.
Nikatafsiri: shahidi anasema amelima pale muda mrefu.
Karani akapiga chapa. Ikawa hivyo.

Na yule kijana aliyesema njaa ilimshika mkono
ikamwongoza hadi dukani?
Nilisema: anakiri.
Na baba aliyesema, mwanangu ni moshi, namwona, simshiki?
Nilisema: hajui aliko.
Nimefagia miaka yote hiyo, na mshahara nimekula.
Kumbe huku Kondele
sitiari moja ina alama nne.

Kisha tamthilia. Vugutsa, muuza simu, ndiye mfalme,
joho lake ni leso ya mamake,
WEMA HAUOZI, imeandikwa juu ya makalio ya kifalme.
Tulicheka hadi mwenye duka akagonga dari kwa ufagio.
Akatembea huku anaimba kuelekea pazia
ambako sote tulijua kuna kisu.
Hicho ni kinaya, alisema Andaje:
hadhira inajua, mhusika hajui.
Wenzangu wakapiga kelele, geuka! geuka!
Mimi nilishika ukingo wa dawati.
Hukumu husomwa kwanza kwa Kiingereza.
Miaka saba.
Mshtakiwa bado ana tabasamu,
ananitazama mimi, si hakimu,
kama anayesubiri chenji.
Kwa urefu wa pumzi moja
najua, naye hajui.
Halafu nafungua mdomo.

Mtihani wa kati ya muhula, swali la kwanza:
Eleza shairi hili kwa maneno yako mwenyewe.
La bure hilo, alisema Okumba.
Nilikaa nalo dakika arobaini.
Yangu mwenyewe, niliyaweka wapi?
Nikaandika: shairi hili linasema linachosema.
Mbili kwa kumi. Pembeni, wino mwekundu: Tuonane.

Hatujaonana.

Ijumaa mzee mmoja wa Seme alisimama kizimbani.
Je, unamfahamu jirani huyu?
Akajibu: Huyo ni kidonda changu cha kisigino, natembea naye.
Nikameza mate. Nikatoa vyote,
kidonda, kisigino, na kutembea.
Vidole vya karani vikaganda hewani.
Hakimu akavua miwani:
"Hiyo ni ndiyo au la?"
Nikamgeukia mzee, nikamuuliza.
Akanitazama, akakohoa kidogo,
akasema: kwani wewe
umesikiaje?